Homoni, sukari na mifupa kwa Waarabu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa Muscat, Dubai na Kuwait, na huulizwa pia na jamaa zao walioko Mombasa, Unguja na Ulaya. Majibu yanatokana na tafiti zilizokwisha chapishwa. Dozi yako na dawa zako ni mazungumzo ya wewe na daktari wako.

Waarabu wanaotajwa kwenye tafiti hizi ni akina nani?

Jumuiya ya Nchi za Kiarabu ina wanachama 22, kuanzia Mauritania hadi Oman, na Komoro wamo tangu mwaka 1993. Lakini tafiti hazikuenea kote sawasawa. Nyingi zinatoka Saudi Arabia, Kuwait, Qatar, Falme za Kiarabu, Lebanoni, Jordan na Misri. Sudan, Yemen, Mauritania na Komoro hutajwa kwa nadra, ingawa huko ndiko lishe ilikobana zaidi.

Hata ndani ya nchi moja watu wamechanganyika. Mwaka 2010 wataalamu walichunguza vinasaba vya Waqatari 168 wakakuta makundi matatu: wenye asili ya mabedui wa Bara Arabu, wenye uhusiano na Uajemi na Asia ya Kusini, na wenye asili ya Afrika. Oman ni hivyo hivyo. Kuna Wabaluchi, kuna Walawati, na kuna familia zilizorudi kutoka Unguja na mwambao ambazo mpaka leo huzungumza Kiswahili nyumbani. Kwa hiyo ukisoma kwamba "Waarabu wana kiwango fulani", elewa kwamba waliopimwa wanashirikiana zaidi joto, mapishi, mavazi, maisha ya mjini na desturi za ndoa kuliko damu moja.

Nchi zenye jua kali vile zinawezaje kuwa na upungufu wa vitamini D?

Zinao, na jambo hili limejulikana tangu miaka ya mwanzo ya 1980, madaktari wa Saudi Arabia walipoanza kupima damu za watu waliojiona wazima. Wengi walikutwa na kiwango cha chini.

Vitamini hii haitokani na joto la jua wala mwanga wake kwa jumla. Ni kipande kimoja tu cha mionzi, kile cha urujuanimno chenye mawimbi mafupi, kinachogonga ngozi na kugeuza aina fulani ya mafuta yaliyomo humo kuwa vitamini D. Kisha ini huibadilisha kuwa umbo linalopimwa hospitali, na figo hukamilisha kazi kwa kulifanya homoni yenye nguvu. Kwa kweli hii ni homoni iliyopewa jina la vitamini. Mionzi hiyo haipiti kioo. Haipiti nguo nzito. Na asubuhi na mapema au jioni, jua likiwa limeinama, huwa haitufikii kwa kiasi cha kutosha.

Sasa fikiria siku ya kawaida ya mtu wa Riyadh mwezi wa saba. Nje nyuzi joto zimepita 45. Anatoka nyumba yenye kiyoyozi, anaingia gari lenye kiyoyozi, anafanya kazi nyuma ya vioo, anarudi usiku. Jua liko juu ya paa mwaka mzima, ngozi yake hailioni.

Linganisha na Tanzania. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya Wamasai na Wahadzabe wanaoishi kwa mila zao, na wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya kiwango ambacho wengi hukihesabu kuwa kinatosha. Ngozi yao ni nyeusi. Weusi wa ngozi hupunguza kasi ya kutengeneza vitamini hii, lakini mtu anayeshinda nje hufidia.

Kwa hiyo lawama ni ya buibui?

Ni sehemu ya sababu, na watu huikimbilia kwa sababu inaonekana kwa macho. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa Lebanoni uliopima watu wazima 316 wenye umri wa miaka 30 hadi 50. Wanawake walikuwa na hali mbaya kuliko wanaume: takriban asilimia 84 walikuwa chini ya nanogramu 12 kwa mililita, yaani nanomoli 30 kwa lita. Hijabu ilikuwa miongoni mwa sababu, pamoja na kuishi mjini, kula vyakula visivyo na vitamini D, na kuzaa mara nyingi.

Ila soma safu ya wanaume kwenye jedwali lile lile. Karibu nusu yao, asilimia 48.5, nao walikuwa chini ya kiwango hicho. Hao hawakuvaa hijabu. Mtu akiniambia tatizo lote ni vazi la wanawake, huwa namwomba anieleze hao wanaume wamepungukiwa kwa nini.

Unene nao umo. Vitamini D huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili, hivyo mtu mnene huonyesha kiwango kidogo zaidi kwenye damu hata akipata jua au kidonge sawa na mwembamba. Chakula cha kila siku kina kiasi kidogo mno, ukiondoa samaki wenye mafuta, maini na viini vya mayai. Jordan iliamua kulikabili jambo hili jikoni: iliongeza vitamini D kwenye unga wa ngano, hatua ambayo nchi chache sana duniani zimeichukua. Mimi naona ndiyo njia ya busara, kwa sababu mkate unamfikia kila mtu, mwenye nikabu na mwenye suti.

Majibu yangu yanasema 14. Nimeugua?

Kwanza angalia kipimo kimeandikwa kwa kizio gani. Maabara nyingine hutumia nanogramu kwa mililita, nyingine nanomoli kwa lita, na moja ya kwanza ni sawa na mbili na nusu za pili. Kumi na nne ya nanogramu ni 35 ya nanomoli. Kumi na nne ya nanomoli ni chini ya 6 ya nanogramu, na hapo unahitaji kuonana na daktari upesi.

Pili, jua kwamba mstari wenyewe umebishaniwa. Mwaka 2011 jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani lilisema nanogramu 20 zinawatosha karibu watu wote. Mwaka huo huo chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani kikasema zifike 30. Kwa kutumia mstari wa 30, karibu taifa zima katika nchi kadhaa za Kiarabu liliitwa lenye upungufu kwa siku moja, na maduka ya dawa yakafurahi. Mwaka 2024 chama hicho kiliacha kuutetea mstari wa 30, na kikashauri watu wazima wasio na ugonjwa wasipimwe vitamini D kama desturi.

Kwa hiyo 14 ya nanogramu ni kiwango cha chini kinachostahili kurekebishwa kwa dozi ya kawaida. Peke yake si ugonjwa.

Kiwango kikiwa chini kweli kweli, kinaumiza nini?

Utumbo unashindwa kunyonya kalsiamu ya kutosha. Tezi nne ndogo zilizo nyuma ya tezi ya shingo zinahisi upungufu huo na kutoa homoni inayoichota kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Kwa mtoto matokeo ni matege: miguu inapinda, vifundo vya mikono vinavimba, meno yanachelewa kuota. Kwa mtu mzima mifupa inalainika na kuuma, hasa nyonga, mbavu na miguu, na misuli ya mapaja inalegea kiasi kwamba kuinuka kwenye kiti ni shida.

Hilo la misuli lilionekana wazi Denmark, ambako wanawake Waarabu wanaovaa nguo za kufunika mwili wote walipimwa nguvu za misuli mwaka 2000. Walikuwa dhaifu kuliko Wadenmark, na nguvu ziliwarudia baada ya miezi kadhaa ya matibabu. Wengi wa aina hii huambiwa wana baridi yabisi, au wana mawazo, wakapewa dawa za maumivu miaka nenda miaka rudi. Dada yeyote anayevaa buibui Ulaya na kuumwa mapaja akipanda ngazi amuulize daktari wake kuhusu hili.

Watoto wachanga wanaonyonya tu wapewe matone ya vitamini D, yuniti 400 kwa siku. Maziwa ya mama ni chakula bora, lakini vitamini hii ni kidogo humo, hasa mama mwenyewe akiwa amepungukiwa.

Vidonge vinasaidia au ni biashara?

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu utafiti wa kupima damu na kutangaza asilimia umerudiwa mara nyingi mno katika nchi za Kiarabu. Kinachofaa ni majaribio: unagawa watu kwa bahati nasibu, hawa dawa, hawa kidonge mfu kisicho na dawa ndani au dozi nyingine, kisha unasubiri. Hayo ni machache, lakini yapo mazuri, na mengi yametoka Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut chini ya Ghada El-Hajj Fuleihan.

Moja, la mwaka 2006, lilihusu wasichana 179 wa shule za Lebanoni wenye miaka 10 hadi 17. Kwa mwaka mzima kundi moja lilipewa yuniti 1,400 kwa wiki, jingine 14,000, na jingine kidonge mfu. Wasichana ambao hawajavunja ungo waliongeza misuli, na mifupa yao ikaonyesha faida katika baadhi ya sehemu za nyonga na uti wa mgongo. Waliokwisha vunja ungo hawakuonyesha tofauti yoyote. Umri wenyewe ndio uliokuwa na maana, pengine kuliko ukubwa wa dozi. Mzazi anayenunua vidonge vya gharama kwa ajili ya binti wa miaka 17 na kumsahau mdogo wake wa miaka 10 anafanya kinyume.

La pili lilichukua wazee 257 wanene wa Lebanoni, miaka 65 na kuendelea. Wote walipewa kalsiamu. Nusu wakapata yuniti 600 za vitamini D kwa siku, nusu 3,750. Baada ya mwaka mmoja, mwitikio wa mwili kwa insulini haukutofautiana kati ya makundi, na nyonga na uti wa mgongo havikupata faida ya ziada kutokana na dozi kubwa. Dozi ndogo, ya bei rahisi, ilitosha.

Kwa wajawazito picha ni nyingine. Al Ain, katika Falme za Kiarabu, wanawake walianza jaribio wakiwa na wastani wa nanogramu 8.2 tu. Walipewa yuniti 400, 2,000 au 4,000 kwa siku kuanzia karibu mwezi wa nne wa mimba. Dozi ya 4,000 ndiyo iliyowainua vizuri zaidi wao na watoto wao, na haikuleta madhara. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Yuniti 400 zilizozoeleka kwa wajawazito hazikuwafikisha mbali.

Nje ya nchi za Kiarabu, jaribio kubwa la Marekani lenye watu 25,871 lilionyesha kwamba yuniti 2,000 kwa siku hazipunguzi mivunjiko kwa watu ambao hawakuchaguliwa kwa sababu ya upungufu. Jingine la watu 2,423 waliokuwa kwenye hatari ya kisukari lilitoa 4,000 kwa siku, na halikuthibitisha kwamba zinazuia kisukari. Kwa hiyo aliyepungukiwa sana, mjamzito, mtoto na mzee asiyetoka nje wanafaidika. Mtu wa makamo mwenye afya na nanogramu 22 ananunua utulivu wa moyo tu.

Kuna sindano moja kubwa ya kumaliza kazi mwaka mzima. Niichome?

Huko Ghuba sindano za yuniti 300,000 au 600,000 zimependwa sana. Jihadhari. Australia, wanawake 2,256 wenye miaka 70 na zaidi walipewa yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka, au kidonge mfu. Waliopewa dozi hiyo walianguka zaidi na kuvunjika zaidi. Mwili haukuumbwa kupokea mafuriko. Kidogo kila siku au kila wiki ni salama zaidi.

Jua kiasi gani linatosha?

Kanuni rahisi: kivuli chako kiwe kifupi kuliko urefu wako. Kikiwa kirefu, unapata joto tu. Mikono na miguu ikiachwa wazi kwa dakika chache mara kadhaa kwa wiki inatosha watu wengi, na mwenye ngozi nyeusi aongeze muda. Katika kiangazi cha Ghuba usijitese saa sita mchana; saa nne asubuhi panafaa. Kwa mwanamke anayejisitiri, ua wa ndani wa nyumba au roshani isiyoonekana na majirani inamfaa sana. Majumba ya zamani ya Kiarabu yalikuwa na ua. Maghorofa ya sasa hayana.

Kipimo cha mifupa kimenipa alama ya kasoro mbili na nusu. Alama hiyo inanilinganisha na nani?

Na wanawake weupe wa Marekani wenye miaka 20 hadi 29. Ndio msingi wa kimataifa wa mfupa wa nyonga, na mpaka wa kasoro 2.5 uliwekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994.

Je, mwanamke wa Lebanoni au Oman apimwe kwa kipimo hicho? Lebanoni ilijaribu kujibu kwa kupima watu wake, na wastani wao ulikuwa chini kidogo ya Wamagharibi. Lakini mivunjiko ya nyonga haikuwa mingi kama ile ya nchi za Skandinavia, ambazo ndizo zinazoongoza duniani. Mfupa mdogo kwa umbo unaonekana mwepesi kwenye mashine, kwa sababu mashine hupima eneo badala ya ujazo. Ukitumia rejeo la wenyeji, idadi ya "wagonjwa" inapungua, lakini hatari ya kuvunjika haibadiliki hata chembe.

Njia nzuri zaidi ni kukokotoa hatari yenyewe. Kikokotoo kilichoanzishwa Chuo Kikuu cha Sheffield mwaka 2008 huchanganya umri, uzito, mivunjiko ya zamani, mzazi aliyevunjika nyonga, sigara na dawa za steroidi, kisha hutoa uwezekano wa kuvunjika ndani ya miaka 10. Kina matoleo yaliyorekebishwa kwa nchi kadhaa za Kiarabu, Lebanoni na Jordan zikiwamo. Mwambie daktari achague nchi sahihi. Wengine huacha ile ya kwanza kwenye orodha.

Kuzaa watoto wengi na kunyonyesha kunamaliza mifupa?

Anayenyonyesha hupoteza asilimia 3 hadi 7 ya uzito wa mifupa ya mgongo na nyonga kwa miezi michache. Akiachisha, mifupa hujijenga upya. Mama mwenye watoto saba si lazima awe na mifupa mibovu. Aliyezaa mfululizo bila mwanya, bila maziwa, bila jua, huyo ana sababu ya kupimwa.

Kwa nini kisukari ni kingi hivyo?

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba asilimia 16.2 ya watu wazima wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini wana kisukari, watu milioni 73, kiwango cha juu kuliko kanda nyingine yoyote. Kuwait ilikuwa na asilimia 24.9 na Misri 20.9. Tahadhari moja: kanda hiyo, kwa mgawanyo wa shirikisho, inaingiza Pakistan, Iran na Afghanistan, ambao si Waarabu, na Pakistan peke yake inavuta wastani juu.

Sababu kubwa ni kasi ya mabadiliko. Oman ya kabla ya mwaka 1970 ilikuwa na kilomita chache za lami, watu wakienda kwa miguu na punda, wakila samaki, tende na mkate. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1991 ulikuta kisukari kwa takriban mtu mzima mmoja kati ya kumi, na wa mwaka 2000 ukakuta asilimia 11.6. Kizazi kimoja kilitoka kwenye punda kikaingia kwenye gari, na mkate ukaupisha wali mweupe wa kila siku pamoja na soda. Unene umefuata: kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016, asilimia 37.9 ya watu wazima wa Kuwait walikuwa wanene kupita kiasi.

Urithi upo, lakini vinasaba havibadiliki ndani ya miaka thelathini. Anayesema "ni damu yetu" anajipumzisha.

Na kile kisukari cha watoto?

Kile ni ugonjwa mwingine. Kinga ya mwili inashambulia kongosho na mtoto anahitaji insulini maisha yake yote, hata kama hajawahi kuonja soda. Kuwait ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani: kati ya 2011 na 2013 watoto wapya walikuwa 41.7 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya miaka ya mwanzo ya 1990. Mtoto anayekojoa sana, kunywa maji mfululizo na kukonda apimwe sukari siku hiyo hiyo.

Kipimo cha sukari ya miezi mitatu kinaaminika kwetu?

Swali zuri, na haliulizwi vya kutosha. Kipimo hicho husoma sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, kikichukulia kwamba kila chembe inaishi takriban siku 120. Penye selimundu, thalasemia au upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, maradhi ya damu ya kurithi, chembe zinaweza kufa mapema. Sukari haipati muda wa kunata, na karatasi inaandika namba nzuri kwa mtu ambaye sukari yake iko juu.

Oman, takriban robo ya wanaume wana upungufu wa G6PD, na selimundu ni ya kawaida huko, Bahrain na mashariki ya Saudi Arabia. Mwambao wa Afrika Mashariki una hayo hayo, kwa sababu malaria ilipita pande zote mbili za bahari. Kwa hiyo kama sukari ya kidole na ya miezi mitatu hazielewani, usichague ile inayokufurahisha. Omba kipimo cha kunywa sukari na kupimwa baada ya saa mbili, au kipimo cha fruktosamini, ambacho hakitegemei chembe nyekundu.

Kisukari cha ukubwani kinaweza kurudi nyuma?

Kwa baadhi ya watu, ndiyo. Qatar ilifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2020, kwa watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini wenye miaka 18 hadi 50 ambao kisukari chao kilikuwa hakijapita miaka mitatu. Kundi moja lilikula mlo maalumu wenye nishati kidogo kwa majuma 12, kisha likarudishiwa chakula polepole pamoja na mazoezi. Jingine lilipata matibabu ya kawaida. Baada ya mwaka, asilimia 61 ya kundi la kwanza walikuwa na sukari iliyoshuka chini ya kiwango cha kisukari bila dawa, dhidi ya asilimia 12 ya kundi la pili. Walipungua takriban kilo 12.

Ninachokipenda kwenye jaribio hili ni kwamba liliwachukua vijana, kwa sababu kisukari cha ukubwani cha Waarabu huanza mapema. Usilijaribu peke yako ukiwa unachoma insulini au unameza vidonge vinavyoshusha sukari. Dawa lazima zipunguzwe na daktari kwanza.

Nina kisukari. Nifunge Ramadhani?

Utafiti wa mwaka 2001 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi, uliochambua zaidi ya watu 12,000, ulikuta kwamba asilimia 79 ya wenye kisukari cha ukubwani na 43 ya wenye kile cha insulini walifunga angalau siku 15. Kushuka kwa sukari kwa hatari kuliongezeka mara 7.5 kwa wa kwanza na mara 4.7 kwa wa pili ikilinganishwa na miezi mingine.

Watu watafunga, daktari apende asipende, kwa hiyo mazungumzo yaanze Rajabu au Shaabani na si usiku wa kuandama mwezi. Dozi ya jioni na ya alfajiri hubadilishwa. Daku lisikosekane na licheleweshwe. Kujichoma kidole kupima sukari hakufunguzi, na wanazuoni wengi wamelisema hilo. Sukari ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, fungua, hata kama imebaki nusu saa magharibi iingie. Mwenye kisukari cha insulini kisichotulia, mwenye figo mbovu na mjamzito mwenye dawa za sukari wana ruhusa ya dini na ushauri wa tiba kwa pamoja.

Ndoa za binamu zina uhusiano gani na homoni?

Kwa kisukari cha kawaida, uhusiano si mkubwa kama watu wanavyodhani. Kwa maradhi adimu ni mkubwa, na tiba ya dunia imejifunza mengi kutoka kwa familia hizi.

Sanjad na Sakati walieleza, mwaka 1991, watoto 12 wa Saudi Arabia waliozaliwa bila homoni ya kutosha ya zile tezi nne ndogo: kalsiamu chini, degedege, kimo kifupi mno. Chanzo chake kilipatikana mwaka 2002, na ugonjwa huo karibu wote uko kwa Waarabu. Mwaka 1983 Woodhouse na Sakati walieleza mwingine unaounganisha kutobalehe, nywele kunyonyoka, uziwi na kisukari. Kuna pia mifupa migumu kama jiwe inayoandamana na figo kushindwa kudhibiti asidi, ambayo wagonjwa wake wengi wanatoka Saudi Arabia, Kuwait na Afrika Kaskazini.

Wa kukumbuka zaidi, kwa maoni yangu, ni ule wa ukoo wa mabedui ulioelezwa mwaka 1985. Watoto wana matege, lakini tatizo ni fosfeti, madini ya mifupa, inayopotea kwenye mkojo. Homoni yao ya vitamini D iko juu tayari. Ukiwaongezea, kalsiamu inajaa kwenye figo. Wanachohitaji ni fosfeti peke yake. Matege yasiyopona kwa vitamini D yasiongezewe dozi kabla fosfeti haijapimwa.

Saudi Arabia imelazimisha upimaji kabla ya ndoa tangu mwaka 2004, kwa selimundu na thalasemia. Maradhi niliyotaja hapo juu hayamo kwenye kipimo hicho. Familia yenye mtoto mmoja wa aina hiyo iombe ushauri wa vinasaba.

Kiuno kipimwe vipi?

Tumia sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Mwaka 2006 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilisema Waarabu watumie namba za Wazungu mpaka zipatikane zao wenyewe, likasema hivyo hivyo kwa Waafrika walioko kusini mwa Sahara. Wote wawili tumeazimwa mkanda.

Mimi ni wa Mombasa, babu zangu wa Hadhramaut. Haya yananihusu?

Vizazi vitatu vya jua la Mombasa, muhogo, samaki na ndoa za mwambao vimekutofautisha na binamu yako wa Jeddah. Usichukue asilimia za Kuwait ukajibandika. Yanayokuhusu kweli ni haya: historia ya kisukari kwenye ukoo, ndoa za karibu, selimundu na G6PD, na kama wewe au wa nyumbani kwako huwa ndani mchana kutwa. Bibi wa Mji wa Kale asiyetoka nje tangu alipovunjika mguu yuko karibu zaidi na yule wa Riyadh kuliko na Mmasai.

Nakwenda kufanya kazi za ndani Ghuba. Nibebe nini?

Wengi hukaa ndani miezi mingi, na hapo unakuwa na hali zile zile tulizozieleza za wenyeji. Vidonge vya yuniti 600 hadi 1,000 kwa siku ni rahisi kupata huko na havina madhara kwa mtu mzima asiye na mawe kwenye figo. Nguo zikianikwa juu ya dari saa nne asubuhi, jitolee wewe kuzianika. Ukiwa na kisukari au selimundu, chukua karatasi za vipimo vyako kabla hujaondoka na uzipige picha kwenye simu, kwa sababu hospitali ya huko itakuanza upya, nawe utajieleza kwa Kiarabu ambacho bado hukijui.